Mbayuwayu Waliojenga kwa Tope la Josho

Nyie vijana wanne mliochaguliwa kushika josho letu, nimesikia mmeshapewa ufunguo. Nimesikia pia kwamba mnaanza kwa kukomba tope la zamani lililoganda chini ya tangi, na kwamba mtu ameshawaambia mahali pa kulimwaga. Msilimwage huko. Nilifanya kazi kwenye josho lile miaka kumi na tisa. Korongo mnaloonyeshwa ndilo nililomwagia mimi. Na juzi nimepita pale nikaona jozi moja ya mbayuwayu, moja tu, inazunguka chini ya mabati yale yenye kutu, inatafuta tope la kujengea. Mkilimwaga korongoni kabla ya mvua, watajenga nalo. Kitakachofuata nakijua.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya semina. Mwandiko wenyewe unatetemeka, na si uzee. Nina miaka hamsini na nne tu. Baba yangu kwa umri huo alikuwaga anaangusha beberu, anachinja na kuchuna peke yake. Mimi leo kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili kama padri altareni. Binti yangu Wegesa ndiye ananisahihishia, na ameniomba majina ya watu niyafiche. Nimekataa. Kosa langu nimelianika juani, ya wenzangu niyafunike kwa nini?

Nianze na Mzee Makuru, maana ndiye aliyekuwa mhudumu wa josho nilipoingia. Mtu mfupi, mkali, alikuwa anavaa koti la mvua jua likiwaka mpaka kunguru wanahema. Alisema dawa haijui kiangazi. Siku ya kwanza alinipa fimbo ya kupimia kina cha dawa, imechongwa alama kama ngazi, akaniambia, "Mura, kijana, huyu ni mke wako wa pili. Ukimpoteza, hata wa kwanza atakukimbia." Hakucheka. Na mimi sikucheka, ingawa nilitaka sana.

Aliyonifundisha nawaachia. Ng'ombe wanywe maji kwanza, maana mwenye kiu atameza dawa. Waliotoka mbali wapumzike kivulini. Ndama waende mwisho. Dawa ya kujazia huwa kali kuliko ya kuanzia, kwa sababu ng'ombe anatoka na dawa zaidi kwenye manyoya kuliko anavyotoka na maji. Mvua ikiingia tangini, usikisie, pima. Na ng'ombe kumi wa kwanza ni wa kukoroga. Hao wanapita ili kuchanganya dawa iliyotuama, halafu wanarudishwa wapite tena, maana mara ya kwanza wameoga maji matupu. Hapo kila mwenye ng'ombe atawaletea ubishi. Mzee mmoja alinifokea, "Kwa nini wangu ndio wawe mwiko wa ugali?" Makuru akamjibu kwa niaba yangu, "Wiki ijayo chelewa kuja. Wa jirani yako watakuwa mwiko, wewe utakuta ugali umeiva."

Sasa tope. Ng'ombe anaingia na udongo kwenye kwato, anakunya kwa hofu, manyoya yanadondoka. Vyote hivyo vinashuka chini na vinashuka na dawa. Makuru alikuwa analizika kila mwaka kwenye shimo refu kule juu penye mawe, tunalibeba kwa karai siku tatu mfululizo. Siku moja mgongo ukaniuma, nikamwuliza kwa nini tusilimwage korongoni, hatua thelathini tu.

"Korongoni anakaa nani?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mzee."

"Sijauliza mtu."

Nikadhani ni maneno ya wazee ya kumfunga kijana mdomo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba lilikuwa swali la kweli na lilitaka jibu.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni kuchokonoa mavi. Msicheke. Kabla hajafungua geti alitembea malishoni na kijiti, anapindua mavi ya jana. Chini yake kulikuwa na soko. Mbawakawa weusi wanaviringisha madonge kama wanakimbizana na mgambo, funza, nzi wa kijani, vidudu visivyo na jina. Mavi ya Jumatatu, Jumatano yalikuwa yamebaki unga. Na nyuma ya ng'ombe walitembea yangeyange weupe, na hudihudi na kilemba chake, anachoma mdomo kwenye mavi anatoa funza mnene. Makuru alisema, "Mtu akikuambia ng'ombe wake ni wazima, mwambie akuonyeshe mavi."

Makuru alikufa kifo chake cha uzee, kitandani. Josho likabaki kwangu na kwa Mwita.

Mwita tulikaa naye dawati moja miaka yangu minne ya shule. Sauti ya kwaya alikuwa nayo, ya tatu, na mdomo usio na breki. Mwaka wa kwanza tulizika tope kama tulivyofundishwa. Mwaka wa pili akaja Nyamhanga, mwenyekiti wa kamati ya josho, akatukuta tumekaa juu ya karai zilizopinduliwa, tumelowa jasho.

"Wanaume wazima mnabeba matope kichwani," akasema. "Toboeni ukuta wa chini upande wa korongo. Tope litajiendea lenyewe, na miguu litajitafutia."

Mwita akasema, "Mwenyekiti, kumbe ulienda shule!"

Akashika nyundo. Mimi nikashika tindo. Hakuna aliyetulazimisha, andikeni hilo. Nyamhanga alitoa wazo, lakini ukuta niliutoboa mimi, na nilipomaliza nililala usingizi wa mtu aliyepata akili.

Tobo lile likatengeneza kibwawa cha tope korongoni, kiangazi na masika. Mwezi wa saba, Butiama nzima ni vumbi, kwetu kulikuwa na tope laini, limechanganyika mavi na manyoya. Mjenzi yeyote wa nyumba ya udongo atakuambia, tope lenye mavi na nywele ndilo linaloshika. Mbayuwayu nao wanajua. Wakaja. Walitua ukingoni, wakachota kwa mdomo kidogo kidogo, wakapanda kwenye mabati ya josho, wakajenga. Kabla mvua hazijaanza, viota vilikuwa vimepangana kwenye boriti kama vibuyu vya mtu mwenye wake wengi.

Huku kwetu kiota cha mbayuwayu hakivunjwi. Mama yangu alisemaga nyumba aliyojenga mbayuwayu haina ugomvi, la sivyo angesikia makelele akahama. Basi mimi nikajivuna. Wageni wakija nawaonyesha juu. "Hata ndege wa Mungu wamelipenda josho letu." Nyamhanga alileta watu kutoka wilayani, akasimama chini ya vile viota akapigwa picha.

Wakati huohuo kupe walianza kuwa sugu. Hilo nalo ni kweli, nisije nikasema uongo kwa uchungu. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ilishachukua ndama wengi hapa, kuna nyumba zilibaki na kamba mkononi. Dawa tulihitaji. Kosa lilikuwa namna. Kulikuwa na mtu anaitwa Mugeta, duka lake la dawa za mifugo lilikuwa Bunda, upande wa kwenda Nyasura. Alikuwa anatuletea pipa lisilo na karatasi. Ukimwuliza kipimo anakuambia, "Weka mara mbili, utalala." Nikamwuliza maandishi yako wapi. Akacheka, akaniambia, "Wewe darasa la nne, maandishi ya nini?" Duka zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Nikaweka mara mbili.

Mtu wa kutuzuia alikuwepo. Bwana mifugo wa wakati ule tulimwitaga Saini. Alikuja na pikipiki, hakuzima injini, hakushusha mguu. Tunampelekea daftari la josho getini, anasaini juu ya tangi la mafuta la pikipiki, huyo. Siku moja Mwita alimpelekea daftari la kwaya. Alisaini, ukurasa wa nyimbo za Pasaka.

Halafu Mugeta akaleta sindano. Akawafundisha wafugaji kudunga ng'ombe kwa mikono yao, kila mwezi, awe anaumwa au haumwi. Minyoo, chawa, kupe, vyote kwa mkupuo. Ng'ombe waling'aa, nani angekataa? Lakini dawa inayoingia kwa ngozi lazima itoke, na ilitoka kwa mavi. Nilikuwa bado na tabia ya Makuru ya kuchokonoa. Nikapindua mavi ya jana, hakuna kitu. Ya juzi, hakuna. Ya wiki iliyopita yamekaa pale mazima, yamekauka kama chapati iliyosahaulika, na majani chini yake yamekuwa ya njano. Malisho yakajaa hizo chapati. Mbawakawa sikumwona hata mmoja.

Na sisi tulishangilia! Nzi wameisha. Wanawake wakakamua bila kupunga mkono. Nyamhanga akasimama mkutanoni akasema sisi ndio josho pekee lisilo na nzi, akatuita mbele mimi na Mwita, tukapigiwa makofi. Nilirudi nyumbani nimetanua kifua. Mngeniona.

Kifaranga wa kwanza nilimkuta anaelea tangini. Nikasema ameteleza. Wiki ileile wakawa watatu sakafuni, pale ng'ombe wanaposimama kuchuruza dawa. Hawana manyoya, vifua vimechongoka. Mwita akasema nyoka. Mimi nikasema watoto wa shule na manati zao, tukawafukuza wawili mpaka barabarani, wakilia kwamba hawakufanya kitu. Na kweli hawakufanya.

Aliyejua alikuwa mke wangu. Mama Wegesa alikuja siku moja kuniletea chakula, akakaa chini ya mabati na ungo wake, anachambua maharage huku ananisubiri nimalize kundi la mwisho. Nilipomaliza nikamkuta ameinua shingo.

"Baba Wegesa, yule mama ndege aliondoka nilipoanza kuchambua. Ungo umekwisha. Ndiyo anarudi sasa hivi."

"Si amerudi?"

"Amerudi mdomo mtupu. Wanawe wamepanua midomo, na yeye anawaangalia tu." Akaweka ungo chini. "Mwaka ule wa njaa mama yangu alikuwa anatuangalia hivyohivyo."

Nikamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya ndege. Nipe chakula." Nikala. Nikashiba.

Nyie mnaweza kuuliza, ndege si anaruka, si aende kwingine? Mkubwa anaenda. Mwenye vifaranga haendi mbali, maana kila safari ina kurudi. Mbayuwayu anakula anachokikuta hewani, nzi, mbu, kumbikumbi. Hewani pakiwa patupu hana ghala. Na msidhani wala nafaka wamepona. Mnana, yule mwizi wa mtama tunayemlaani shambani, kifaranga wake hawezi kumeza punje kavu, analishwa viwavi laini mpaka aote manyoya. Mgunga ule wa nyuma ya josho ulikuwaga na viota vya mnana vinaning'inia kama mapambo ya harusi. Watu walichota maji ya josho kwa ndoo, Nyamhanga aliruhusu, wakanyunyizia nyanya na pamba. Viwavi wakaisha. Waliofurahi kwamba mnana naye amepungua, mwaka uliofuata wakawa wanauliza nani ataokota viwavi wapya waliokuja wasioogopa dawa.

Hudihudi ndiye alinikaa moyoni. Alikuwa na tundu kwenye ukuta wa mawe wa stoo ya dawa, kila mwaka analea humo. Mwaka ule nilimwona anatembea malishoni tangu ng'ombe wa kwanza mpaka wa mwisho, anachoma mdomo kwenye chapati zile ngumu, toka hii nenda hii, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba zilizohamwa. Alipoacha kuja, nilitia kijiti kwenye lile tundu. Sitaandika nilichokitoa.

Mpaka hapo nilikuwa na macho ila sikuwa na akili. Akili niliipata kwa kuanguka.

Pipa la Mugeta halikuwa na koki. Makuru alikuwa anachota kwa kopo la mpini mrefu na glavu mpaka kwenye kiwiko. Kopo lilitoboka, glavu zilichanika, na sisi tukaomba nyingine kwa kamati mpaka tukachoka. Basi tukawa tunavuta dawa kwa mpira, kwa mdomo, kama mafundi wanavyovuta petroli. Mmoja anavuta, ikikaribia anatoa mdomo haraka, anatema, anachovya mpira kwenye ndoo. Tulifanya hivyo mara nyingi, tukajiona mafundi.

Asubuhi ile pipa lilikuwa jipya na zito kuliko yote. Mwita akasema, "Nipe mimi nianze, wewe utamaliza pipa lote." Akavuta. Ikamfikia kabla hajatoa mdomo. Akakohoa, akatema, akafuta midevu, akasema, "Chungu kama salamu za mama mkwe." Tukacheka. Mpira ukakatika upepo, nikavuta mimi. Na mimi ikanigusa ulimi, nikatema, nikanawa kinywa kwa maji ya dumu. Tukaendelea na kazi.

Ng'ombe wa kukoroga walikuwa hawajamaliza kurudi mara ya pili Mwita alipokaa chini. Mate yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua. Jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Aliniita jina langu la utotoni. Nikaenda kumwinua, na mimi magoti yakakataa. Wafugaji walitupakia kwenye gari la nyanya, kwenda Musoma. Mimi nilifika. Mwita alifika pia, lakini jioni haikumkuta.

Cheti chake cha kifo kiliandikwa tumbo. Nyamhanga alikuja msibani akasema Mwita alikuwa anakunywa sana. Mwita alikuwa haonji hata togwa. Mugeta hakuja. Saini sijui alihamishiwa wapi, labda huko nako anasaini.

Dada yangu ameolewa Buhare, pale pembeni ya mji wa Musoma, akanichukua kwake miezi kadhaa maana sikuweza hata kufunga kifungo. Kazi yangu ilikuwa kukaa barazani. Na juu ya kichwa changu, chini ya paa, kulikuwa na kiota cha mbayuwayu. Namna ileile ya ndege. Tope la kawaida la kando ya bomba.

Kama hamjakaa karibu na ziwa, kuna vidudu vinainuka majini kama moshi. Unaweza kudhani mtumbwi unaungua. Upepo ukivielekeza huku, vinaingia puani, kwenye taa, kwenye sufuria. Dada yangu alikuwa anapiga kelele, "Kaka, funga dirisha, uji unakuwa kitoweo!" Nafunga. Halafu natoka nje kutazama. Mbayuwayu anaondoka, napiga uji mafunda matatu, amerudi, mdomo umejaa mpaka anafanana na mtu mwenye jino bovu. Anaweka, anaondoka. Mafunda mawili, amerudi. Vifaranga wanne, wote wanene, wanasukumana kama wanakwaya kwenye picha.

Nikawa nahesabu mafunda ya uji na nakumbuka ule ungo wa maharage.

Nililia pale barazani. Dada yangu akadhani nimeumwa, akaanza kuita watu. Nikamwambia, "Hapana dada. Nimejua anayekaa korongoni." Akazidi kuogopa, akadhani dawa imenipanda kichwani.

Waliokuwa wanakaa korongoni ni hao wadudu, mayai yao na funza wao, kwenye unyevu ule ule tuliomwagia tope. Malishoni tuliwaua kwa sindano, shambani kwa ndoo za josho, na korongoni, pale walipobaki kujificha, kwa tobo langu. Halafu tukawaalika mbayuwayu kwa tope zuri, wakaja kujenga mahali pasipo na chakula. Tope lenyewe lina dawa, sawa, huenda liliwadhuru pia, mimi si daktari. Lakini vile vifua vilivyochongoka nilivishika kwa mkono. Ile ilikuwa njaa.

Josho lilifungwa baada ya Mwita. Nilirudi, nikalima kidogo kidogo kwa msaada wa mke wangu. Polepole, miaka mingi, nikaanza kuona mbawakawa mmoja mmoja barabarani. Mwaka jana hudihudi alipita, hakukaa. Mwaka huu ndiyo hiyo jozi ya mbayuwayu niliyowaambia.

Kwa hiyo Jumatano nilienda kwenye mkutano wa kufungua josho, nyie mlikuwepo, mkanisikia. Lakini mlikaa nyuma mnacheka na simu, nawarudishia yale muhimu. Nyamhanga, mzee sasa, bado anapewa kiti cha mbele. Akasema tope likombwe limwagwe korongoni kama siku zote, tobo lipo.

Nikasimama. Nikasema dawa ichanganywe kwa kipimo, sindano idungwe kwa ng'ombe anayeumwa tu, tobo lizibwe, tope lizikwe.

Nyamhanga akageuka kwa watu. "Jamani, huyu mdogo wangu dawa haijamtoka. Ndege wanakufa tangu Adamu."

Watu wakacheka.

Nikamwuliza, "Na Mwita alikufa tangu Adamu?"

Kicheko kiliisha. Sikufurahi, nawaambia. Mama yake Mwita alikuwa amekaa palepale na khanga kichwani, na mimi ndiye niliyemtonesha.

Mwenyekiti wa sasa akauliza, haya, shimo lichimbwe wapi? Kule juu penye mawe sasa kuna nyumba za watu. Akauliza nani atatoa eneo. Mngeona watu walivyogundua viatu vyao siku ile. Kila mtu anavitazama. Bwana mifugo mpya, binti mdogo wa umri wa Wegesa, akasema bila shimo hataandika kibali, na bila kibali kamati ilishasema itakomba hivyohivyo. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kwangu."

Nusu eka ndiyo niliyo nayo, na nusu ya hiyo nusu inatulisha. Nilimkuta Mama Wegesa anakoka moto. Nikamwambia. Akapuliza moto mpaka ukawaka vizuri.

"Ulitoka kule ukaniletea mikono inayotetemeka," akasema. "Nikaipokea. Sasa unaniletea na tope lenyewe?"

"Ni tope langu, mama."

"Ni lako. Shamba ni letu."

Alikuwa amesema kweli. Nilikaa nje. Nikafikiria kwenda kwa mwenyekiti kusema nimeghairi, na nilijua nikighairi Jumatatu tope litakuwa korongoni, na ile jozi itashuka kulichota.

Kesho yake bwana mifugo alikuja kupima. Yule binti alizima pikipiki, akashuka, akavua viatu vizuri akavaa mabuti, akatembea shamba lote na fimbo. Mama Wegesa akamfuata nyuma, mikono kiunoni. Binti akaonyesha pembeni kwenye miamba, mke wangu akatikisa kichwa. "Mvua ikinyesha hapo maji yanakimbilia kwenye kisima cha jirani. Nimefua hapo miaka ishirini, najua maji yanakwenda wapi." Akatembea mwenyewe, polepole, mpaka juu kabisa, katikati ya mihogo yetu, ile tuliyotegemea mwakani. Akapiga mguu chini.

"Hapa. Udongo wa mfinyanzi, maji hayapiti. Hapatalimwa tena, sawa?"

"Hapatalimwa tena," binti akasema.

"Basi andika," Mama Wegesa akamwambia.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kama mgeni. Mke wangu hakunitazama. Alishika shina la kwanza la mhogo kwa mikono yote miwili akaling'oa. Mihogo ilikuwa haijakomaa, myembamba kama vidole. Akaitupa kwenye kikapu, akashika shina la pili.

Njooni Jumamosi asubuhi na majembe na sururu. Shimo lipite kimo cha mrefu wenu, na chini mshindilie mfinyanzi kabla ya kumwaga karai la kwanza. Njooni na glavu mpaka kwenye kiwiko, asiye nazo arudi. Tobo nitaziba mwenyewe, mmoja wenu anishikie tu sepeto. Chakula msije nacho mfukoni. Mama Wegesa amesema atawachemshia ile mihogo, midogo hivyohivyo, ila hakuna atakayegusa sahani kabla hajaoga, na atawakagua kucha.